Benedict Nangiro Ewoi, Fundi Aliyeirudisha "Ng'ombe wa Majini" (1961–2025)

Ndugu, jamaa na majirani wa hapa Nakwamekwi, nanyi mliofunga safari kutoka Kalokol, Lorugum na Kakuma, ejok, hamjambo. Leo Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2025, tumekuja kumlaza Benedict Nangiro Ewoi kando ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Wengi wenu mlimwita Fundi, na wapo ambao jina la Benedict wamelisoma leo kwa mara ya kwanza kwenye karatasi hii. Familia imeona ni vyema maisha yake yasimuliwe kwa utaratibu, maana mwenyewe alikuwa mzito kusimulia habari zake na mwepesi mno kusimulia habari za filamu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kalokol, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Ewoi Lokwang' na marehemu Mama Aule. Baba yake alikuwa mfugaji wa upande wa Loima. Ukame ulimaliza mifugo yake yote, akashuka ziwani na mkewe akiwa mjamzito, na majuma machache baadaye Nangiro akazaliwa katika kibanda cha matawi ya mkoma. Baba aliyejua majina ya ng'ombe wake mmoja mmoja akajifunza kufuma nyavu akiwa mtu mzima. Nangiro alisema baba yake hakuwahi kulalamika, ila hakuwahi pia kusema kwamba yeye ni mvuvi. Akiulizwa kazi yake, alijibu kuwa ni mfugaji aliyepumzika.

Alisoma shule ya msingi hapo Kalokol kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha akaja Lodwar kwa masomo ya sekondari. Bweni lilimtesa. Wanafunzi waliotoka katika familia zenye mifugo waliwadharau wale wa ziwani, wakawaita watu wasio na kitu. Mwezi Julai 1977, akiwa kidato cha pili, gari la serikali la sinema lilifika shuleni, na jioni ile shuka jeupe likatundikwa ukutani. Filamu iliyoonyeshwa iliitwa "Ng'ombe wa Majini". Ilikuwa imepigwa Kalokol kwenyewe mwaka 1973, kwa Kiturkana na Kiswahili, na ilimhusu mfugaji aliyepoteza mifugo yote, akashuka ziwani na mkewe na kujifunza uvuvi uzeeni. Kwa dakika themanini na nne bweni zima lilikaa kimya. Ilipokwisha, mmoja wa wale waliokuwa wakimdharau alimwambia, "Kumbe nyinyi pia ni watu." Marehemu alipenda kuisimulia habari hiyo akicheka, lakini aliisimulia mara nyingi mno.

Mwisho wa mwaka huohuo baba yake alifariki, na Nangiro akaacha shule. Alijifunza ufundi wa redio kwa fundi mmoja wa Kitale, akarudi Lodwar mwaka 1981 na kuweka meza yake chini ya bati. Alikuwa fundi wa aina yake. Hakukubali mtu aondoke bila kuonyeshwa ni waya gani uliokatika, hata kama mtu mwenyewe ana haraka na hataki kujua.

Mwaka 1989 binti mmoja wa Lorugum, Priska Akiru, alimletea redio ya baba yake. Ubovu ulikuwa waya mmoja uliolegea, kazi ya dakika tano. Redio ilikaa mezani siku kumi na moja. Kila Priska alipokuja kuiulizia aliambiwa kifaa fulani kinasubiriwa kutoka Nairobi, na alipokuja mara ya nne alivuta kigoda akakaa, akasema, "Basi tukingojee pamoja hicho kifaa." Walioana kimila Lorugum mwaka 1990, na ndoa ikabarikiwa kanisani tarehe 7 Desemba 1996. Mungu aliwajalia watoto wanne. Priska ameomba isomwe hapa kwamba redio ile bado inasema.

Kambi ya Kakuma ilipopanuka, Nangiro aliwafuata wateja huko, na mwaka 1995 akafungua banda la video. Wakimbizi na wenyeji waliketi pamoja kwenye mbao zake wakitazama mpira na filamu za ngumi. Lakini Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu ya "Ng'ombe wa Majini", watazamaji watake wasitake, bila kiingilio. Alikuwa na mkanda alioinasia filamu hiyo kutoka kwenye televisheni mwaka 1988. Miaka ilipopita mkanda ukachoka. Rangi zilivuja, nyuso zikawa kama zimepakwa unga. Rafiki yake Guled, msafirishaji Msomali mwenye Land Cruiser ya abiria kati ya Kakuma na Lodwar, alimwuliza siku moja kwa upole, "Fundi, hawa watu ni wavuvi ama ni majini?" Nangiro hakucheka. Alizima deki, na mkanda ule hakuuonyesha tena.

Mwaka 2016 aliupeleka kwa Nyaboth Gatjang, msichana wa Sudan Kusini aliyekuwa na miaka ishirini, ambaye alijifunza kuhariri video hapo kambini na kuishi kwa kutengeneza video za harusi na kwaya. Nyaboth aliutazama mkanda kwa dakika mbili, akamrudishia.

"Mzee, hapa hakuna kitu ya kusafisha. Nikitoa uchafu, chini iko uchafu ingine. Tafuta filamu yenyewe."

Akaitafuta. Ilimchukua mwaka mzima wa kupiga simu na kuuliza watu waliostaafu zamani. Novemba 2017 alipanda basi kupitia Kainuk hadi Kitale, kwa mjane wa mtu aliyewahi kuendesha gari la sinema. Katika stoo ya mahindi ya mama huyo kulikuwa na makopo manane yaliyoandikwa jina la filamu kwa rangi nyeupe. Alipofungua la kwanza, harufu ya siki ilimpiga puani, ndiyo harufu ya filamu inayooza. Kopo la sita lilikuwa limeshikana kama sabuni. Saba yaliyobaki yalifaa. Alirudi Kakuma akiwa ameyapakata makopo yake, na katika kila kizuizi cha polisi alilazimika kuyafungua na kueleza. Alisema alieleza vizuri kiasi kwamba askari mmoja aliomba aalikwe.

Hapakuwa na mashine ya kunakili filamu ya aina hiyo kokote karibu, kwa hiyo akaiunda. Alichukua projekta mbovu, mota ya cherehani na kamera ya dijitali, akavifunga kwenye ubao ili kila picha ndogo ya filamu isimame mbele ya lenzi, ipigwe, kisha ipite. Zilikuwa picha zaidi ya laki moja. Mota ilipopata joto iliruka picha, kwa hiyo walifanya kazi asubuhi na mapema tu, Nyaboth kwenye kompyuta na Fundi akiwa ameweka kidole chake karibu na swichi. Kazi hiyo ilikwisha mwaka 2018. Zile dakika kumi na moja za kopo lililooza waliamua kuzichukua kutoka kwenye mkanda wa zamani, na kuziacha zionekane zilivyo. Nangiro pia alimwandikia binti wa mtu aliyetengeneza filamu hiyo, ambaye alikuwa amekwisha kufariki, kuomba ruhusa. Mama huyo alijibu kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuiona kazi ya baba yake ikiwa safi, na akawaruhusu waendelee, mradi pasiwe na mtu atakayetozwa kuitazama.

Ndipo likaja suala la rangi. Filamu ilikuwa imepauka ikawa nyekundu, na Nyaboth aliporekebisha, ziwa likawa la buluu. Fundi akasema ziwa lile si la buluu. Nyaboth akauliza ni la rangi gani, na Fundi, aliyezaliwa kando yake, akashindwa kusema. Ni kijani, lakini si ya majani. Februari 2020 Nyaboth alipata kibali cha kutoka kambini siku tatu, na Guled akawapeleka Kalokol. Upepo ulikuwa mkali. Walikaa nyuma ya gari wamejifunika shuka na kompyuta yao, wakichungulia maji kisha kioo, kioo kisha maji, hadi akina mama wanaoanika samaki wakaja kuuliza ni mgonjwa gani aliyeletwa. Mwishowe Nyaboth akasema kwamba maji yako kama chupa ya soda, ile ya kijani. Rangi hiyo ikaandikwa kwenye kompyuta kwa jina la "chupa", na ndiyo mnayoiona kwenye filamu hadi leo.

Mwezi Machi 2021 figo za marehemu zilishindwa kazi. Alilazimika kusafishwa damu mara mbili kwa wiki hapa Lodwar, kwa hiyo akalifunga banda la Kakuma na kurudi nyumbani. Nyaboth alibaki kambini. Kazi haikusimama. Jumatatu na Alhamisi Guled aliileta diski ikiwa imefungwa kwenye kitambaa cha mkewe, na Nangiro akaitazama akiwa amelala kitandani kwenye mashine, vipokea sauti masikioni. Masahihisho yake aliyatuma kwa ujumbe wa sauti. Wauguzi walizoea kumsikia akisema kwa sauti ya chini kwamba dakika ya kumi na mbili, yule mbuzi wa pili bado ana mkwaruzo shingoni.

Mei 2022 Nyaboth alituma filamu yote ikiwa imesafishwa na programu ya kompyuta, inayotafuta uchafu na kuuondoa yenyewe. Ilikuwa nzuri kupita walivyotarajia. Lakini dakika ya thelathini na moja, pale wavuvi wanapovuta wavu, Nangiro alisimamisha picha. Mbali nyuma yao, upande wa kushoto, huwa anapita mwanamke amebeba kibuyu kichwani. Si mkubwa kuliko punje ya mchele, na anapita kwa sekunde sita. Sasa palikuwa na mchanga mtupu. Alimpigia Nyaboth simu kumwuliza yule mwanamke amekwenda wapi. Ilibidi amweleze ni mwanamke yupi. Nyaboth akatazama, akarudi kwenye simu na kusema programu ilidhani ni uchafu, kwa vile ni kitu kidogo na kinatembea.

"Ni sekunde sita, Mzee. Hakuna mtu atamwona."

"Mimi nimemwona miaka arobaini na tano," Nangiro akasema. "Na kama imemtoa huyo, imewatoa wangapi?"

Nyaboth alielewa maana ya swali hilo. Ilikuwa ni kuanza upya na kupitia picha laki moja kwa macho. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuhojiwa kwa ajili ya kuhamia Kanada, na angeweza kuitwa mwezi wowote. Fundi naye alikuwa anaishi kwa mashine.

"Mzee, unataka hii kazi iishe ukiwa hai, ama unataka tu kuifanya?"

Kisha akakata simu. Alhamisi Guled hakuleta diski. Jumatatu iliyofuata pia hakuleta. Nangiro alimwambia Priska kwamba msichana amesema kweli, na kwamba mtu mgonjwa hana haki ya kula miaka ya mtu mzima wa afya. Akamtumia Nyaboth ujumbe wa sauti, akimwambia kazi aliyoifanya inatosha, na kwamba anamshukuru.

Nyaboth ameieleza familia kilichofuata. Baada ya kuusikiliza ujumbe ule aliketi na kulinganisha kopo la kwanza na la pili, kabla na baada ya programu kupita. Alikuta vimeondolewa ndege watatu, mbwa, moshi wa jiko na mkono wa mtu aliyekuwa akitoka mlangoni. Jumatatu ya tatu Guled alileta diski, na ndani ya kitambaa kulikuwa na karatasi imeandikwa, "Naanza tena. Nyaboth."

Walichukua miezi kumi na tatu. Programu waliiweka kando, wakagawana makopo, na Fundi, akiwa na miaka sitini na mmoja, akajifunza kusafisha picha kwenye kompyuta kwa ule mkono ambao haukuwa umefungwa kwenye mashine. Ashley, binti yake wa mwisho, alimfundisha, na anakiri kuwa baba yake alikuwa mwanafunzi mbishi. Juni 2023 filamu ilikamilika, ikiwa katika ubora wa HD. Katika maandishi ya mwisho waliongeza mstari mmoja tu: "Imesafishwa na mashabiki wawili, Kakuma na Lodwar."

Ilionyeshwa kwanza Kalokol, Jumamosi tarehe 19 Agosti 2023, saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa uliozibwa madirisha kwa mablanketi. Joto lilikuwa kali na hakuna aliyetoka. Ilipofika dakika ya thelathini na moja, mvuvi mmoja mwenye miaka kama sabini, Mzee Lokeno, alisimama na kuomba filamu isimamishwe. Watu walidhani ameugua. Akaomba irudishwe nyuma kidogo. Akaomba tena.

"Huyo ni mama," akasema. "Aliungua mguu wa kushoto. Alitembea hivyo."

Mama yake alifariki mwaka 1976, na familia haikuwa na picha yake hata moja. Zile sekunde sita zilionyeshwa mara tisa, na ukumbi mzima ukasubiri. Mara ya mwisho Lokeno alikwenda mbele, akasimama karibu na ukuta, hadi yule mwanamke akapita juu ya shati lake.

Nyaboth, aliyekuwa amepata kibali cha kuja, alitoka nje. Nangiro alimfuata taratibu, akamkuta ameegemea gari la Guled analia.

"Ningemfuta, Baba," akasema. Kabla ya siku hiyo alikuwa akimwita Mzee.

"Ulimrudisha," Nangiro akamjibu. Wakarudi ndani kutazama sehemu iliyobaki.

Tangu siku hiyo filamu imeonyeshwa Lorugum, Kainuk na Kakuma, na mara mbili katika shule za hapa Lodwar, na nakala zake zinapita kutoka simu hadi simu bila malipo. Nyaboth aliondoka kwenda Kanada mwezi Januari 2024. Wengi tulidhani Fundi atadhoofika. Badala yake alitangaza kwamba yeyote mwenye mkanda wa zamani aulete. Watu walileta harusi, mazishi, ubatizo, mikutano ya vijiji ambavyo havipo tena. Ashley aliacha kazi yake ya Eldoret akarudi kumsaidia, na leo meza ile ni yake. Ana foleni inayofika mwezi Aprili.

Mwezi Septemba mwaka huu marehemu alianza kuchoka. Alilazwa tarehe 28 Oktoba, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka minne na nusu kama ndugu yao. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, alimwuliza Priska kama amekunywa chai. Priska akasema bado. Akamwambia akanywe kwanza, mambo mengine yatasubiri. Priska alirudi na kikombe mkononi, akaketi karibu naye, wakazungumza kidogo kuhusu mvua. Saa nne na dakika ishirini marehemu alitulia.

Ameacha mjane, Priska Akiru. Ameacha watoto: Ekal, Atabo, Lomuria na Ashley. Ameacha wajukuu saba, dada yake Mama Nakiru wa Kalokol, na rafiki yake Guled, ambaye ndiye aliyemleta nyumbani jana kutoka mochari na akakataa gari lingine litumike.

Tulipoketi kuandika orodha hii, jina la Nyaboth Gatjang liliwekwa chini kabisa, pamoja na marafiki. Priska aliichukua kalamu, akalikata pale, akaliandika upya baada ya Ashley. Kwa hiyo isomwe hivi: ameacha watoto watano. Wa tano yuko mbali na huko kwake hakujapambazuka, lakini simu ya Ashley imekuwa wazi tangu tuanze, imewekwa juu ya jeneza, na Nyaboth anasikia kila neno. Binti yetu, tunamzika baba yenu sasa. Udongo wa kwanza Ekal atautupa kwa niaba yako.

Nangiro, pumzika. Mungu akupokee kwa upole.